Gongo, udongo mwekundu na Ford V8: simulizi za mbio za magari za kale kusini mwa Marekani

Springi_Kavu (mwanzisha uzi):

Wakuu, heshima kwenu.

Kule kwenye uzi wa Formula 1 kuna mdau kasema mbio za magari ni mchezo wa watoto wa matajiri tangu enzi na enzi. Kumjibu kwa mistari miwili ni kumpunja, ndiyo maana nimefungua uzi. Mimi nakaa Winston-Salem, North Carolina. Huku ndiko zilikokulia mbio za NASCAR, zile ambazo Wamarekani wanakimbiza magari yenye sura ya magari ya barabarani. Niwahakikishie tu kwamba waliozilea hawakuwa na pesa za urithi. Walikuwa wabeba gongo, mafundi wa gereji, madereva wa mabasi na watu wa viwanda vya nguo.

Mengine nimesoma, mengine nimepewa na jirani yangu, fundi mstaafu ambaye baba yake alikuwa akimpeleka viwanjani tangu akiwa mtoto miaka ya 1950. Humu nitamwita Mzee.

Tuanze na gongo, maana bila gongo hakuna uzi.

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933. Marufuku ilipoondolewa, watu wa milimani huku Kusini hawakuacha kupika. Sehemu nyingi ziliendelea kukataza pombe kwa sheria zao wenyewe, na pombe halali ilikuwa na kodi nzito ya serikali kuu. Mkulima wa Wilkes, North Carolina, au wa Dawsonville, Georgia, alikuwa akipiga hesabu zake: mahindi ya gunia hayalipi, mahindi yaleyale yakipita kwenye mtambo yanalipa. Kazi ikabaki kuufikisha mzigo mjini usiku, kwenye barabara za vumbi zenye kona kona, askari wa kodi wakiwa wamekutegea njiani.

Hapo ndipo inapoingia Ford V8. Henry Ford aliitoa 1932, injini ya silinda 8 kwa bei ambayo mtu wa kawaida akijikamua anaimudu (siyo hizi V8 za waheshimiwa). Zile za milango miwili za 1939 na 1940 ndizo zilizopendwa kuliko zote, kwa sababu zilikuwa na buti kubwa, umbo lisilovuta macho, na vipuri vilikuwa vimejaa kila mahali. Mafundi walitanua silinda, wakaongeza kabureta. Wengine waling'oa injini nzima wakapachika ya Cadillac iliyotolewa kwenye gari la wagonjwa. Kiti cha nyuma kinatolewa, unapakia galoni mia na zaidi, yaani karibu lita 400.

Fundi yeyote humu ameshaliona tatizo. Ukiweka mzigo wa namna hiyo nyuma, gari linakaa kitako, pua juu, na askari akiliona kwa mbali hana haja ya kuuliza. Kwa hiyo wakaongeza vyuma kwenye springi za nyuma mpaka gari lililojaa likawa linakwenda limekaa sawa kabisa kama limetoka kanisani. Shikeni hili la springi, tutalihitaji.

Mashindano yenyewe yalianza kienyeji. Vijana wanabishana nani ana gari kali, mwenye shamba anatoa malisho ya ng'ombe, wanazunguka mpaka nyasi zinaisha na udongo mwekundu unatokeza. Majirani wanakuja kutazama, wanazidi kuja, mwenye shamba anaanza kutoza kiingilio.

Dawsonville ilitoa watu watatu wa kukumbukwa. Raymond Parks alitoroka kwao akiwa na miaka 14 kwenda kupika gongo. Akaja kuwa na biashara zake Atlanta, na fedha yake ndiyo iliyokuwa ikinunua magari ya mashindano. Walioyaendesha ni jamaa zake, Lloyd Seay na Roy Hall, wabeba gongo wote wawili. Aliyeyafunga ni Red Vogt, fundi wa Atlanta, ambaye wanasema wabeba gongo na askari wa kodi wote walikuwa wateja wake. Kila mmoja anataka gari la kumshinda mwenzake, na fundi analipwa mara mbili.

Seay alikuwa na miaka 21. Tarehe 1 Septemba 1941 alishinda mbio za Lakewood, Atlanta. Kesho yake binamu yake alimpiga risasi akafa. Ugomvi ulikuwa wa sukari ya kupikia gongo, nani alipie. Kaburi lake liko Dawsonville, na kwenye jiwe wamechonga ile Ford yake, dirishani wamebandika picha ya uso wake.

Ngoja nipate chai. Narudi.

Mdau_wa_Mabibo:

Aisee, sukari tu watu wakatoana roho? Nimevuta kigoda mkuu, tiririka.

Kasi_Eldoret:

Hii story inanikumbusha madere wa miraa kutoka Maua, zile pick-up za kukimbiza mzigo kuwahi ndege pale Wilson Airport, Nairobi. Hakuna mtu hupita hao watu. Shida ni kwamba wetu hawajawahi jengewa uwanja. Endelea buda.

Springi_Kavu:

Kasi, umelenga penyewe. Uwanja ndio uliowatenganisha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanja vilichipuka huku kila mji. Vijana wamerudi kutoka jeshini, wengi wamejifunza ufundi huko, wana vijisenti, na kazi ya kiwandani wiki nzima inachosha roho. Jumamosi usiku wanataka kelele. Tatizo lilikuwa waandaaji. Mtu anauza tiketi, mbio zinakimbizwa, dereva akienda kudai zawadi yake anakuta mwenye mkoba ameshatokomea. Ndipo Bill France, aliyekuwa fundi na dereva kule Daytona Beach, Florida, akaitisha kikao hoteli ya Streamline Desemba 1947. Jina la NASCAR alilipendekeza yuleyule Red Vogt, na chama kikasajiliwa Februari 1948. Haya ya vikao nayaruka, twendeni uwanjani.

Uwanja mfupi, kwa lugha ya huku, ni ule ambao mzunguko wake haufiki maili moja. Martinsville, Virginia, ni nusu maili na kitu kidogo. H. Clay Earles aliufungua tarehe 7 Septemba 1947, viti vilivyokuwa tayari ni 750 na waliolipa kiingilio wakazidi 6,000. Ilikuwa Jumapili. Watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wakarudi nyumbani wote rangi moja, nyekundu kuanzia kofia. Aliyeshinda ni Red Byron, ambaye mguu wake wa kushoto uliharibika vitani kwenye ndege za mabomu, hivyo akawa anaendesha kwa mguu uliofungwa chuma na pedali ya klachi iliyotengenezwa maalumu kwa ajili yake. Gari lilikuwa la Parks, fundi Vogt. Mtandao uleule wa Atlanta.

North Wilkesboro, katikati kabisa ya nchi ya gongo, nao ulifunguliwa 1947. Huu una kituko chake: upande wa mbele ni mteremko, upande wa nyuma ni mlima. Husemwa kwamba fedha ya kusawazisha ardhi iliisha kabla kazi haijaisha, wakaamua liwalo na liwe. Mpaka leo uko hivyohivyo, na madereva wanaulalamikia na kuupenda.

Hapa kwetu Winston-Salem kuna Bowman Gray. Ni njia ya lami, robo maili tu, karibu sawa na ile ya mita 400 ya wanariadha, inayouzunguka uwanja wa football wa Kimarekani. Haina mwinamo wowote. Mbio za NASCAR za kila wiki zinakimbizwa pale tangu 1949. Magari ishirini kwenye nafasi ile, mnaweza kufikiria wenyewe mabodi yanavyotoka.

Sasa niwape ya Mzee. Yeye anasema kila mtu anazungumzia injini, ila yeye anachokumbuka ni udongo. Mchana lori la maji linapita kumwagilia. Jioni, udongo ukiwa bado na unyevu, tairi zinang'ata na kurusha madonge mpaka jukwaani, watu wanafunika chupa za soda kwa viganja. Mizunguko ikisonga udongo unakauka. Ile njia wanayopita wote inakuwa nyeusi inang'aa kwa mpira wa tairi, na pembeni yake vumbi linasimama kama pazia. Dereva haoni gari lililo mbele yake, wala ukuta. Anachofanya ni kuinua macho na kuangalia vilele vya misonobari nyuma ya uzio. Ukifika usawa wa mti fulani, kona imefika, zungusha. Kwao Mzee, mama yake aliacha beseni la maji barazani, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mlango kabla hajasafisha masikio.

Na kona zenyewe hazikuchukuliwa kwa breki. Unalirusha gari ubavu kabla kona haijafika. Gari linakwenda kushoto, usukani wako umeukata kulia, mguu uko kwenye mafuta, tairi za nyuma zinachimba. Aliye jukwaani anauona ubavu wako mzima, namba ya mlangoni anaisoma bila shida. Bingwa wa hiyo kazi alikuwa Curtis Turner, mfanyabiashara wa mbao kutoka Floyd, Virginia. Aliendesha hivyo hata pale ambapo haikulazimu.

Usalama? Mlango unafungwa kwa mkanda wa suruali usifunguke kwenye kona. Nguo ni fulana. Taa za mbele zinatolewa au zinabandikwa gundi ya karatasi vioo visimwagike. Na wengi walikuja na gari wakiliendesha wenyewe barabarani, wakashindana nalo, wakarudi nalo nyumbani Mungu akipenda.

Mdau_wa_Mabibo:

Na asipopenda?

Springi_Kavu:

Muulize Lee Petty. Alikuwa mtu wa Level Cross, hapa North Carolina, ameanza kushindana akiwa na miaka 35 na familia juu. Mbio za kwanza kabisa za NASCAR za magari kama yalivyotoka dukani zilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949, uwanja wa udongo wa robo tatu ya maili, mizunguko 200, magari 33. Lee akaazima Buick kubwa ya rafiki yake, wakaenda nayo na familia, mtoto wao Richard akiwa na miaka 11. Katikati ya mbio Buick ikapinduka ikabiringika. Kurudi nyumbani ikawa kuomba lifti, na njiani unafikiria utamwambia nini mwenye gari. Baada ya hapo Lee akahamia Plymouth ndogo nyepesi, akawa bingwa wa mwaka mara tatu. Yule mtoto ndiye Richard Petty aliyekuja kushinda mara 200.

Lakini mbio zile za Charlotte nazitaja kwa sababu ya zile springi. Aliyevuka mstari wa kwanza ni Glenn Dunnaway, kijana ambaye hata gari hakuja nalo. Mtu mmoja, Hubert Westmoreland, alikuwa na Ford ya 1947 akampa aiendeshe. Akawaacha wenzake kwa mizunguko mitatu. Bendera imeshaanguka, watu wanashangilia, wakaguzi wakainama chini ya gari: springi za nyuma zimekazwa kwa mtindo wa wabeba gongo. Kanuni inasema gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Ushindi ukafutwa, dola 2,000 zikaenda kwa Jim Roper aliyetoka Kansas na Lincoln yake. Westmoreland akaenda mahakamani, kesi ikatupwa.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma na kucheka kwa pamoja. Kitu kilichowafanya wabeba gongo wawe madereva bora kuliko wote ndicho kilichomkosesha mshindi zawadi siku ya kwanza. Na kesi ile ilikuwa na uzito: tangu siku hiyo ikajulikana kwamba kanuni ya Bill France ndiyo sheria.

Binti_Pongwe:

Kaka Springi, uzi mtamu. Ila mpaka hapa wanawake umewaacha barazani na mabeseni. Hakukuwa na aliyeshika usukani?

Springi_Kavu:

Walikuwepo dada, tena tangu siku ya kwanza. Kwenye mbio hizohizo za Charlotte alikuwemo Sara Christian wa Georgia. Mwaka huohuo, kule Pennsylvania, alimaliza wa tano.

Halafu kuna Louise Smith wa Greenville, South Carolina. Huyu mama alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba mara ya kwanza walimwambia akiona bendera nyekundu asimame, ila wakasahau kumwambia ile ya miraba myeusi na myeupe ina maana gani. Mbio zikaisha, wenzake wakaegesha, yeye anazunguka tu anangoja nyekundu. Baadaye akachukua Ford mpya ya mumewe kwenda kutazama mbio Daytona, akashindwa kuvumilia, akaingia nayo mashindanoni, akaipondaponda. Amerudi nyumbani anatunga hadithi ya gari kuharibikia njiani, kumbe mume ameshaiona picha gazetini.

Na kama unadhani hilo ndilo la kuchekesha kuliko yote, 1953 Tim Flock aliendesha akiwa na tumbili kitini. Tumbili jina lake Jocko Flocko, kashonewa na suti yake. Tarehe 16 Mei walishinda pamoja Hickory, uwanja mfupi kabisa. Wiki mbili baadaye, Raleigh, tumbili akajichomoa kwenye mkanda wa kiti. Magari yale yalikuwa na kijidirisha sakafuni ambacho dereva anavuta mnyororo kuangalia hali ya tairi ya mbele. Tumbili aliona mwenzake anavyofanya, naye akavuta, akachungulia, kokoto ikamgonga kichwani. Kilichofuata ni vita ndani ya gari kwenye mwendo mkali, huku tumbili kamng'ang'ania Flock shingoni. Flock ikabidi aingie kwa mafundi kumshusha abiria, akamaliza wa tatu. Hiyo ikawa safari ya mwisho ya Jocko.

Binti_Pongwe:

Nimecheka mpaka bosi kaniuliza kuna nini 😂

Mama_Nyarugusu:

Habari zenu ndugu. Mimi niko Greensboro na familia, tulikuja kupitia kambini. Kazini kwangu wazungu wanapenda sana hizi mbio, Jumatatu hawana habari nyingine. Nakuuliza wewe mwenye uzi kwa ukweli: sisi watu weusi tulikuwa na nafasi humo? Maana ukipita kwenye hizo sehemu bendera unazoziona hazikukaribishi.

Springi_Kavu:

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo nililokuwa nalisogelea tangu juzi, na jibu lake lina jina: Wendell Scott.

Alizaliwa 1921 Danville, Virginia, hapo juu tu kutoka kwako. Vitani alikuwa fundi wa jeshi, akarudi akawa dereva wa teksi na mwenye gereji, na usiku alibeba gongo kama wengine. Alikamatwa mara moja, 1949, akapewa kifungo cha nje. Mwaka 1952 waandaaji wa uwanja wa Danville waliona jukwaa halijai, wakapata wazo la kumweka dereva mweusi ili kuvuta watu. Wakaenda polisi kuuliza: mweusi gani mjini hapa anakimbiza gari kweli? Polisi wakamtaja Scott bila kufikiria mara mbili, maana walishamfukuza vya kutosha. Kwa hiyo barua yake ya mapendekezo iliandikwa na waliokuwa wakimsaka.

Alizomewa, akaendelea. Muda mfupi baadaye alilivuta gari lake mpaka hapa Winston-Salem kushiriki mbio za NASCAR. Wakamwambia mweusi haruhusiwi. Akaenda High Point, jibu lilelile. Alichofanya ni kurudi kwenye viwanja vidogo vya waandaaji wengine, udongo na vumbi, akashinda na kushinda, mpaka msimamizi mmoja wa Richmond akampa leseni ya NASCAR kinyume na matarajio ya wengi. Mwaka 1959 alikuwa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake, na 1961 akapanda daraja la juu.

Huko juu alikwenda na magari yaliyotumika na wanawe wakiwa mafundi. Injini za kuokoteza, tairi ambazo wengine wameshazitoa. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, uwanja wa udongo wa nusu maili, mizunguko 200. Scott ana Chevrolet aliyonunua kwa Ned Jarrett, namba 34. Zikiwa zimebaki mizunguko kama 25 akampita Richard Petty aliyekuwa na gari bovu. Akaongoza. Mizunguko 200 ikatimia, bendera haikushuka. Akazunguka tena. Na tena. Bendera ikaja kumwangukia Buck Baker, aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili. Baker akapewa kombe, akabusiwa na malkia wa urembo, akapigwa picha.

Hesabu za siku hizo zilifanywa kwa mkono. Kila gari lina mtu wake mwenye karatasi, anaandika kila likipita. Makosa yalikuwepo, hilo kweli. Lakini Scott aliamini mpaka kufa kwake kwamba hawakutaka jukwaa la Kusini lione mwanamke mzungu akimbusu mwanamume mweusi. Saa kadhaa baadaye, watu wameshaondoka, wakasema kweli kulikuwa na kosa, mshindi ni Scott. Fedha alipata. Kombe hakupata. Alifariki 1990. Mwaka 2010 wadau wa Jacksonville waliipa familia mfano wa kombe, na NASCAR yenyewe ikatoa kombe Agosti 2021, miaka 58 kasoro miezi.

Alikimbia mbio 495 za daraja la juu, mara 147 akamaliza ndani ya kumi bora. Kwa magari yale! Wenzake wa viwanja vikubwa kama Talladega, Alabama, na Daytona wana fedha za viwanda nyuma yao, yeye ana wanawe na kisanduku cha spana. Ndiyo maana mimi nikiulizwa fundi bora wa enzi zile namtaja yeye kabla hata ya Vogt.

Hizo bendera ulizozisema, zile za Confederate, yaani majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, NASCAR ilizipiga marufuku viwanjani kwake Juni 2020, baada ya Bubba Wallace, dereva mweusi, kulisemea hadharani. Oktoba 2021 Wallace alishinda Talladega, mweusi wa kwanza kushinda daraja la juu tangu Scott. Nje ya geti, maegeshoni, ni habari nyingine, umeona mwenyewe.

Mama_Nyarugusu:

Marahaba mwanangu. Huyo wa Danville sikumjua kabisa. Jumatatu nitawauliza hao wa kazini kama wanamjua.

Hesabu_Kali:

Mleta uzi unaandika vizuri, ila hili la gongo mnalikuza. Ni biashara ya kuuzia fulana na makumbusho. Dereva wangapi kweli walikuwa wabeba gongo? Naona kama kila mzee wa Kusini sasa anadai babu yake alikuwa anakimbizana na polisi.

Springi_Kavu:

Nusu nakubaliana nawe. Buck Baker alikuwa dereva wa basi. Lee Petty hakuwa mbeba gongo. Ralph Earnhardt wa Kannapolis alifanya kazi kiwanda cha nguo, akaacha, akaishi kwa kushindana viwanja vifupi usiku kwa usiku na kufunga magari kwenye gereji nyuma ya nyumba. Mwaka 1956 alikuwa bingwa wa daraja la Sportsman, lililo chini ya lile la juu. Wale ndio walio wengi.

Nusu nyingine siikubali. Fedha za mwanzo za Parks zilikuwa za gongo. Ufundi wa Vogt uliiva kwa magari ya gongo. Na Junior Johnson wa Wilkes si hadithi ya makumbusho: 1956, tayari akiwa dereva wa NASCAR anayejulikana, alikamatwa akiwa kwenye mtambo wa baba yake, akakaa gerezani Ohio miezi 11. Akatoka, akafikisha ushindi mara 50. Alikuwa akijigamba kwamba barabarani hawakuwahi kumkamata, walimkuta akitembea kwa miguu. Rais Reagan alimpa msamaha Desemba 1986.

Na ni huyohuyo Junior aliyewafungulia mlango watu wa sigara. Matangazo ya sigara yalipopigwa marufuku kwenye televisheni Januari 1971, kampuni ya R.J. Reynolds ya hapa Winston-Salem ilikuwa na fedha za matangazo zisizo na pa kwenda. Junior aliwafuata akitafuta mdhamini wa timu yake. Alipoona ukubwa wa mfuko akawaelekeza kwa Bill France wadhamini mashindano yote. Ndipo ikaja Winston Cup, jina la sigara yao likawa jina la mashindano.

Hapo sasa ndipo viwanja vifupi vilipoumizwa. Mbio za mwisho za udongo za daraja la juu zilikuwa zimeshapita Raleigh, tarehe 30 Septemba 1970, Richard Petty akashinda. Hawakugusa udongo tena mpaka walipoumwaga Bristol 2021. Mwaka 1972 ratiba ikapunguzwa kutoka mbio 48 hadi 31. Mbio zisizofika maili 250 zikaondolewa, na mbio za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikikimbizwa kwenye viwanja vya miji midogo. Hickory nje. Bowman Gray nje. Mzee akifika hapo hupandisha sauti. Kwake yeye mchezo uliwafukuza watu waliouzaa, ukawafuata wenye hoteli na televisheni. Mimi namwelewa France pia. Huwezi kumlipa dereva vizuri kwa jukwaa la watu elfu tatu. Lakini wangeweza kuacha hata Jumamosi tatu nne kwa mwaka.

Martinsville umesalia, pale mshindi anapewa saa ndefu ya mbao badala ya kombe, tangu 1964, mwanzoni zikiwa saa za kiwanda cha jirani. North Wilkesboro ulifungwa baada ya msimu wa 1996, magugu yakaota mpaka kwenye viti, ukafufuliwa, na 2023 daraja la juu likarudi kwa mbio za madereva nyota (All-Star). Bowman Gray walirudi Februari 2025. Mzee alikataa kwenda. Anasema Februari siyo msimu, na Jumapili siyo Jumamosi.

Kasi_Eldoret:

Huyo Mzee tunampenda. Swali la mwisho: mimi niko Charlotte mwezi wa saba kumtembelea dada. Nikitaka kuona hiyo kitu live naenda wapi, na nibebe nini?

Springi_Kavu:

Njoo Bowman Gray Jumamosi usiku. Msimu unaanza Aprili unaisha Agosti, kwa hiyo Julai uko ndani. Fika mapema, jioni bado jua liko, maana wenyeji wana sehemu zao za kukaa za tangu babu zao na wanatandika mablanketi. Usikanyage blanketi la mtu. Beba vizuizi vya masikio, usidanganywe na mtu anayekuambia utazoea. Kaa karibu na kona, siyo mbele ya mstari wa kumalizia, kwa sababu ugomvi wote unaanzia kona ya kwanza na ya tatu. Tena usipakimbilie getini mbio zikiisha. Shuka kule wanakoegesha magari, madereva wapo palepale wanafungua mabodi na wanaongea na mtu yeyote. Ukimkuta fundi kalala chini ya gari anapima springi, muulize. Atakueleza mpaka mkeo apige simu.

Kasi_Eldoret:

Sina bibi, nina dada. Huyo ndiye mbaya zaidi. Tuonane Julai buda.